Mimba Haikuwa Mgongoni

Mayu,

Mwangaluka, mama. Natumaini mvua imefika huko Nkololo na miguu yako imepungua kuvimba. Mimi napumua, hapa Dar kwa mama mdogo, namsaidia kuuza vitumbua.

Nikwambie ya hospitali, uyasikie kwangu. Unakumbuka mimba ilipoharibika nikasafishwa, kisha damu ya mwezi ikakata moja kwa moja? Ukawatangazia wakwe zangu kwamba nimeshika nyingine. Tumbo lilipokataa kukua ukasema imehamia mgongoni, ukaninywesha mizizi ili ishuke. Basi na mimi, mjinga wako, nikamwomba daktari anipime altrasaundi mgongoni. Wauguzi walicheka mpaka wakashikana mabega. Daktari akaweka kifaa tumboni, akanionyesha kwenye skrini: kizazi kitupu, kuta zimegandana kwa makovu ya kule kusafishwa. Mtoto hakuwahi kuwepo.

Wakanitibu. Daktari mmoja aliyakata makovu kwa kupitia ukeni, mwenzake kashikilia kile kifaa juu ya tumbo, anatazama skrini na kumwelekeza asije akanitoboa. Yakashikana tena, wakarudia. Juzi kipimo kimeonyesha njia imefunguka, na damu imerudi. Daktari kasema nisikawie kutafuta mtoto, maana makovu yanaweza kurudi. Nilifurahi, nikampigia mume wangu Maduhu, nikamwambia nimeona damu.

Akasema, "Kwa hiyo ulienda huko kuitoa."

"Kutoa nini?"

"Mimba yangu. Mama yako anasema bado iko mgongoni, inakuja."

Mayu, kumbe uliendelea kuwaambia. Nimepona, na kupona kwangu ndiko wanakonishikia kwamba nimeua. Sababu yako naijua: wangedai ng'ombe wao wa mahari, na kaka Masanja ameshawaolea mke. Haya, yeye ana mke, mimi sina mume. Maduhu hapokei tena simu yangu, na makovu hayamsubiri mtu.

Nenda kwao wewe mwenyewe, kwa miguu hiyo hiyo, useme ulidanganya. Usimtume mtu.

Msalimie baba, na shangazi aliyenifungia mizigo. Msalimie Masanja na mkewe. Nasikia ni mjamzito, hongera zao. Mama mkwe usimpe salamu zangu. Maduhu alisema amekaa chini kwenye mkeka, na majirani wanakwenda kumpa pole ya mjukuu.

Ni mimi mwanao,
Kabula