Korosho za Mzee Menza Zinamngoja Kaka Yangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo nisiloweza kulisema kwa mdomo, maana mimi ni msichana wa kidato cha tatu na mbele ya wakubwa sauti hunikauka. Kaka yangu Kaingu alimaliza sheria Nairobi, na Septemba akaenda Uingereza kusomea shahada ya pili, sheria ya uchumi wa kimataifa na maendeleo, na siku ya kumuaga hapa kwetu Kakuyuni wazee wakauliza hiyo ni sheria gani, kaka akaeleza kwa maneno ya chuo na hakuna aliyeelewa, ndipo akanisukuma mbele, "Kadii, wewe unayemaliza vitabu vyangu, waeleze," nami kwa woga nikasema anakwenda kusoma jinsi mataifa yanavyopatana bei za mazao, hata korosho zetu, na akina mama wakapiga vigelegele, nikafurahi.

Sasa jirani yetu, mzee Menza, amelishika neno hilo. Msimu huu wenzake wameuza, yeye amekataa, magunia yamejaa ghalani, anasema bei hii ni dhuluma na Kaingu akirudi ataibadilisha. Nikipita kwenda shule huniita, "Mwanangu, nduguyo amefika ukurasa wa ngapi?" nami hujibu, "Anaendelea vizuri, baba," na vijana wa dukani humcheka kwamba korosho zake nazo zinasomea shahada. Kaka atarudi mwakani, masika yamekaribia, na makuti ya ghala yanavuja. Mama anasema nimwache mzee na tumaini lake. Nikisema ukweli nitamwaibisha, na watu watasema masomo ya kaka ni bure. Nikinyamaza, korosho zitaoza. Nifanyeje?

Kadii, Kakuyuni

JIBU

Marahaba, Kadii. Ulichosema siku ile hakikuwa uongo. Mikataba ya biashara kati ya mataifa ipo, na ni vyema mtoto wa mkulima aisome. Lakini hujadiliwa na nchi nyingi kwa miaka mingi, na mwanafunzi mmoja hapandishi bei ya korosho. Hilo ulilijua kila asubuhi ulipojibu "anaendelea vizuri", na hapo ndipo ninapokugombeza. Haya yako imekuwa ghali, na anayeilipia ni mzee wa watu. Mama yako ana huruma, ila huruma haizibi paa.

Usimwambie njiani, wala karibu na hao wa dukani. Nenda kwake jioni, mwamkie, keti, useme: "Baba, nilieleza nusu. Kaka anasoma namna bei zinavyopangwa, kuzipanga hajapewa." Sauti ikikauka, ngoja irudi, kisha endelea. Atanuna. Mwache anune, ana haki. Mwambie pia kwamba kuiita bei hiyo dhuluma hakukosea, asije akajiona mjinga.

Fanya hivyo wiki hii, kabla wanunuzi hawajafunga. Na akikubali kuuza, usiage ukaenda zako kusoma. Shika upande wa pili wa gunia.