Mkono wa Sweta Nilioufumua

Madam Nafula,

Mkono wa sweta yangu nimeufumua. Ngoja nikueleze kabla hujakasirika, maana nakujua, ukikasirika unavua miwani kwanza.

Meza yako katika chumba cha walimu amepewa mwalimu mpya wa hesabu. Kiti nilikataa kukitoa, ndicho ninachokalia. Baridi ya Lanet asubuhi ni ile ile, na kila nikiingia nimejikunyata nakusikia ukinicheka: "Chebet, mtu wa Njoro anaogopaje baridi?" Ndio ukaanza kunifumia ile sweta ya kijani. Ukaondoka ikiwa na mkono mmoja. Tangu tukuzike imekuwa kwenye droo yangu, na siku nikikukosa sana nilikuwa naitoa nainusa tu. Bado ilikuwa na harufu ya mafuta yako ya kujipaka.

Sasa sikiliza. Ile tabia ya kuponda simu haikuisha ulipoenda. Simu walizonyang'anywa wanafunzi zilikuwa bado zinatiwa kwenye katoni ya naibu wa mkuu, na Ijumaa zinapondwa kwa jiwe mbele ya paredi nzima. Ulipigana nao mpaka ukachoka. "Ukishaiponda, nani atakuambia kilichokuwa ndani?" Wakakuona unawadekeza watoto.

Muhula huu kukawa na msako, Mercy wa Gredi ya Nane akapatikana na simu. Anakaa na shangazi yake hapa Lanet. Mamake anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Karagita, na hiyo simu ndiyo wanayotumia kuongea jioni. Wenzake walilia, wengine wakapiga magoti. Mercy aliitia kwenye katoni mwenyewe, akauliza kama kweli itapondwa. Akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ulinifundisha niwaache wanaolia, nimtafute asiyelia.

Nikamwita. Akakaa, akafunga mdomo kabisa. Nikakumbuka vile ulivyokuwa ukifanya na watoto: unampa uzi aushike kwa mikono miwili, wewe unaviringa donge, hakuna anayemwangalia mwenzake usoni, na maneno yanatoka yenyewe. Lakini uzi sikuwa nao, Madam. Nilikuwa na sweta tu.

Niliitoa kwenye droo, nikakaa nayo magotini kidogo. Kisha nikaanza kuufumua ule mkono, nikamzungushia Mercy uzi mikononi.

Tulikuwa hatujafika kwenye kiwiko alipoanza kuongea. Kumbe siku ya zawadi sisi walimu tuliweka picha yake mtandaoni, na jina, na darasa, na beji ya shule inaonekana vizuri. Mtu akamtafuta kutoka hapo, akajifanya kocha wa netiboli. Akaomba picha akiwa na yunifomu. Halafu akaanza kutaka picha za aina nyingine, na Mercy alipokataa, akamtisha kwamba atamharibia jina kwa mamake. Mtoto akadhani simu ikipondwa, yule mtu naye atakwisha.

"Madam, si waivunje tu?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Hujakosa chochote, Mercy." Sikuongeza. Wewe pia hukuwa unaongeza.

Nilienda kwa mkuu wa shule kabla ya Ijumaa. Akaniambia sheria ni sheria. Nikamwambia jumbe za huyo mtu ndio ushahidi pekee tulio nao, na jiwe litamfaa yeye kuliko mtoto. Akaenda kuitoa simu mwenyewe. Mamake Mercy alikuja kutoka Karagita bado ana gambuti za kazini. Nilidhani atagomba. Alimkumbatia mwanawe hadi sote tukaangalia pembeni, halafu tukaenda polisi pamoja na simu ikiwa nzima.

Bado hajashikwa, sitakudanganya. Ila namba yake polisi wanayo, na hamsumbui Mercy tena. Ile picha tuliitoa mtandaoni. Alhamisi walimu tunakaa pamoja tunafundishana: jumbe zinahifadhiwaje, unampigia nani, na jina la mtoto haliandikwi chini ya picha. Katoni ya naibu siku hizi ina chaki. Mkuu aliniuliza haya ya uzi nilifundishwa na nani. Nikatoka nikalia nyuma ya tangi la maji. Ungekuwepo, ungenifuata na kikombe cha chai. Nilikungoja, Madam. Najua ni ujinga, lakini nilikungoja.

Donge liko mezani. Watoto wameanza kuja bila kuitwa, wanauliza kama kuna uzi wa kushika. Ule mkono umekwisha, sasa nafumua mgongo. Harufu yako imekwisha pia, uzi sasa unanuka chaki na mikono ya watoto.

Sitaivaa kamwe hiyo sweta. Nakuahidi tu kwamba mtoto akija, atakuta uzi na atanikuta mimi.

Lala, Madam wangu. Baridi nitaivumilia.

Chebet