Gurudumu la Mume Wangu Liko kwa Mtani, Mwanangu Anataka Kumshtaki

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kama mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia za huku kwetu Uluguru unisamehe, maana herufi nilijifunza ukubwani katika mafundisho ya ubatizo na shule nyingine sikupata, lakini jambo hili siwezi kumpa mtu aniandikie kwa sababu anayejua kuandika vizuri humu nyumbani ni mwanangu Lukasi, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Mume wangu, marehemu Andrea, alikuwa na mkokoteni. Labda huko mjini kwenu mkokoteni si kitu siku hizi gari la moshi likipita, lakini reli ilipokuwa haijafika Morogoro yeye ndiye aliyekokota mizigo ya misheni kutoka Bagamoyo, yeye mbele kwenye mipini, na mwenzake Kibwana, Mzigua wa Kingolwira, mtani wetu, akisukuma nyuma, na walitukanana njia nzima mpaka wasafiri wengine wakadhani watauana, kumbe ndivyo walivyopunguza uzito wa mzigo. Mkokoteni huo ndio ulionileta mimi bibi arusi nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, ndio uliompeleka Lukasi kwa mapadri kutafuta dawa alipokuwa mtoto mwenye homa, na gurudumu lake la kulia lilikuwa linalia, kwii, kwii, nikilisikia tu kule chini darajani najua sasa nisonge ugali.

Andrea alifariki huu mwaka wa tatu. Lukasi alikuwa Bagamoyo anajifunza useremala, hakuwahi mazishi. Siku hiyo Kibwana alikuja kama mtani anavyokuja, akachomoa lile gurudumu la kulia, akaliviringisha mpaka katikati ya uwanja, akalikalia, akasema kwa sauti, "Huu ni mguu wa Andrea. Nisipopewa kuku, ataenda ahera akichechemea." Wewe unajua, mshauri, hapo watu hucheka, wazee hubishana naye, kisha kuku hutolewa na kitu hurudishwa. Lakini mwalimu wetu wa dini, Dominiko, alisimama akasema mazishi ya Mkristo hayana mchezo, watu wakanyamaza, wazee wakatazama chini. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, mjane hatoki, na kuku nilikuwa naye tayari chini ya tenga, nimemfunga miguu, nikingoja mtu aje kumchukua na hakuja mtu. Kibwana alikaa pale mpaka jua likainama. Kisha akainuka, akaondoka na gurudumu, na likalia njia nzima mpaka darajani.

Mwaka huu Lukasi amerudi, fundi kamili, akaukuta mkokoteni upenuni umeegemea ukuta, kuku wanataga ndani, yule kuku wa tenga naye yumo, maana sikuwa na moyo wa kumchinja. Gurudumu la kushoto mchwa walikwisha kulila, limebaki chuma tu. Akasema, "Mama, nitauinua huu, nitabebea mizigo ya stesheni." Nilifurahi sana, mshauri, nilimpikia kila siku akifanya kazi, akabadilisha mbao, akachonga gurudumu jipya la kushoto, mpaka siku nilipomkuta na randa juu ya mipini, pale mahali pawili palipoingia ndani kwa viganja vya Andrea. Nikaishika randa kwa mikono yangu miwili. Akasema, "Mama, mipini imelika." Nikamwambia, "Aliyeila ni baba yako." Akaiweka randa chini, lakini alikasirika.

Ndipo akaulizia gurudumu la kulia nami nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Mwanangu alibadilika uso. Anasema huo ni wizi, sasa ni zama za serikali, atakwenda kwa akida, mkubwa wa serikali wa huku kwetu, na akida atatuma askari, na wewe unajua boma linamfanya nini mtu aliyeitwa mwizi. Nikamwambia, "Mtani wa baba yako apigwe viboko kwa ajili ya baba yako?" Akanijibu, "Utani gani wa miaka mitatu, mama? Mtani anachukua, anacheka, anarudisha." Na ni kweli Kibwana hajarudisha, wala hajakanyaga hapa kwetu tena. Mkewe Asha nilikutana naye sokoni, akaniambia gurudumu limetundikwa mbele ya nyumba yao, Kibwana hulipaka mafuta ya nyonyo na watoto hawaruhusiwi kuligusa. Sikuelewa maana yake nini. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba Asha alinisalimia kwa heshima, habari za nyumbani mama Lukasi, poleni na kazi, hakunitukana hata kidogo. Mtani wangu ananisalimia kama mgeni! Nilirudi nyumbani nikalia.

Lukasi amekubali kungoja jibu lako, kwa sababu gazeti hili yeye ndiye hunisomea kila likifika na anaamini maneno yako. Nikimwachia aende kwa akida namwangamiza Kibwana, nikimzuia ataona nimemthamini mtu wa nje kuliko jasho lake. Na ule mkokoteni je, nimwache autengeneze mpaka usiwe wa Andrea tena, au urudi upenuni kwa kuku? Nisaidie, mshauri, silali vizuri.

Mimi,
Paskalia, mama Lukasi,
Uluguru, Morogoro


JIBU

Mama Lukasi, marahaba, na pole sana. Lakini ujue umeangukia pabaya: mimi ninayekujibu ni Mzigua. Barua ya Mluguru imeingia mkononi mwa mtani wake, kwa hiyo vumilia.

Nianze na kukugombeza. Siku ya mazishi sikulaumu, mjane hatoki, na wazee wenu ndio waliokosa miguu. Dominiko naye simlaumu sana, aliogopa kelele. Ila Mungu asiyeweza kuvumilia mzaha wa Kibwana asingemuumba Kibwana. Lakini baada ya matanga kuondolewa ulikuwa unangoja nini? Unajua desturi kuliko mimi. Mtani hawezi kurudisha kitu kisichokombolewa. Akikirudisha bure, amesema mbele ya watu kwamba hapakuwa na utani, na kwamba siku ile alikuwa mwendawazimu tu aliyevamia msiba wa watu. Wewe unangoja arudishe, yeye anangoja umkomboe, na katikati yenu mtoto anataka kwenda bomani.

Sasa Lukasi. Najua ni wewe unayesoma kwa sauti, na mama yako amekaa karibu. Usiruke mstari. Wewe ni seremala, basi nijibu kama seremala: gurudumu lililobaki kwenu limekuwaje? Mchwa. Na lile lililoko Kingolwira? Limetundikwa juu, mbali na tope, linapakwa mafuta, watoto wanafukuzwa. Mwizi gani anaweka kitu cha wizi mbele ya nyumba yake, kila apitaye akione? Katika magurudumu yote mawili ya baba yako, limesalia moja tu, na limesalia kwa sababu Kibwana alilichukua. Ungemkuta baba yako hai ungemuuliza nani alikuwa anasukuma nyuma kwenye vilima.

Ukienda kwa akida, karani ataandika neno "mwizi", na neno likishaingia boma halikombolewi kwa kuku. Mgongo wa Kibwana utapona baada ya wiki chache. Nyumba yenu, siku itakapopata msiba mwingine, hatakuja mtani hata mmoja kutoka Kingolwira. Fikiri nani atakuwa amelazwa ndani siku hiyo, na nani atakuwa analia uwanjani.

Mama Lukasi, huyo Asha hakukudharau. Mtani anayekusalimia kwa heshima ameumia. Andrea mlimzika, lakini hamjamcheka, na msiba usiochekwa na watani haujafungwa. Ndiyo maana hulali.

Basi fanyeni hivi. Mkamateni yule kuku, yuleyule wa chini ya tenga. Msimbadilishe kwa kuku kijana. Amezeeka, nyama yake sasa ngumu kama chuma cha gurudumu, na hiyo ndiyo haki ya Kibwana ya kukutukaneni, mmemchelewesha mno. Muombe kaka yako au mzee yeyote wa ukoo aende nanyi, kwa maana siku ile wao ndio waliokaa kimya. Lukasi, usiende na mikono mitupu: beba mkokoteni wenyewe, utafute wa kukusaidia. Mkifika karibu na nyumba msibishe hodi. Wewe mama ndiye uanze, upaze sauti jirani wote wasikie, "Mzigua mwizi wa miguu ya maiti, toka nje!" Ukiishiwa pumzi, nyamaza umsikilize. Atakachosema sikijui, lakini amekiweka miaka mitatu, kitakuwa kirefu.

Gurudumu lirudishwe mahali pake palepale kwa Kibwana. Kisha wewe mama upande, ukae juu kama ulivyokaa juu ya magunia ya chumvi. Lukasi ashike mipini, Kibwana asukume nyuma, mrudi nyumbani.

Kuhusu mipini, mbao badilisha, gurudumu chonga, rangi paka, mkokoteni usiofanya kazi ni kiota cha kuku tu. Lakini palipolika pasiguswe na randa, Lukasi. Weka viganja vyako pale. Kama bado ni vidogo, vitafika.

Na lile gurudumu likiwa limeacha kulia kwa mafuta ya Kibwana, msilipake mengine. Liacheni likauke, lilie tena.

Barua yako, mama Lukasi, ninayo hapa mezani na sitairudisha. Ukiitaka, njoo na kuku, na awe mnono kuliko wa Kibwana.