Mikono ya Kulia Thelathini na Sita

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kanisa,
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila miguu yangu imevimba kwa kukanyaga cherehani, na kusema kweli nimechoka. Tena si uchovu wa kazi tu.

Wanao hawajambo. Kitindamimba wako kang'oka meno mawili ya mbele, na bado anaongea kunizidi mimi shangazi yake. Makubwa!

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningejitetea, unaujua mdomo wangu. Unakumbuka nilikupigia kukwambia mkeo kaharibu majoho ya kwaya? Si yeye. Ni mimi.

Nilipanga satini tabaka juu ya tabaka, uso wote juu, nikaweka karatasi ya kipimo, nikakata mikono yote thelathini na sita bila kuigeuza ile karatasi hata mara moja. Yote ikawa ya kulia! Na satini ina uso na mgongo, huwezi kuipindua. Mimi, fundi wa miaka ishirini na miwili! Mwalimu wa kwaya alipouliza nani kakata, nikajikuta nimesema, "Wifi." Ulimi hauna mfupa. Naye alikuwa pale pale, akainamisha kichwa, wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo hajaimba tena, na juu ya hayo wewe ukamgombeza.

Mdogo wangu, kila alfajiri napiga magoti kumwomba Mungu aninyenyekeze. Miezi miwili sasa. Nikiinuka, nampita wifi uani kama sijamwona. Magoti yangu yameshazoea, hayaoni taabu. Ulimi ndio mgumu. Nimechoka kuomba kitu ambacho kikiletwa mlangoni nakifungia.

Alhamisi nikasimama mbele ya kwaya, nikasema yote. Safari hii hakucheka mtu. Kisha nikamfuata wifi, nikamkuta anaanika nguo.

"Wifi, nilikusingizia."

"Najua, wifi. Nilikuona ukikata."

Hakusema kama amenisamehe. Alisema tu, "Mwandikie mume wangu. Na kabla hujaituma, nipe niisome."

Basi ndiyo hii. Usimpigie kumhoji, mpigie umwombe radhi. Mimi nilidanganya, lakini wewe hukumuuliza.

Mjomba anakusalimu sana, na mama mkwe wako pia. Fundi viatu wa jirani anauliza utarudi lini, maana hana wa kubishana naye. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mtamu na mkate wa kila siku.

Nilikuwa nimeshaweka kalamu chini. Wifi ameisoma barua yote akiwa amesimama, akanirudishia, akasema kuna jambo nimeliacha. Ni kweli lipo, na nililiacha makusudi. Ile mikono mipya ya kushoto, yote kumi na minane, aliikata na kuishona yeye, peke yake, wiki nzima, mimi nikiwa nimejilaza nasema naumwa. Jumapili ile majoho yalipovaliwa mara ya kwanza, mchungaji aliniita mbele nipigiwe makofi. Nikaenda.

Dada yako akupendaye, niliyewakosea wewe na mkeo.