Tulivyoshuka Mlima na Consolata

Garland, Texas

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Ni mimi Riziki wako. Mgongo unaendeleaje, na ile dawa mpya inakusaidia? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi ya mwaka huu inauma hadi masikio.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulisikia nusu tu ukaanza kulia. Uliposikia "mlima" na "tulimbeba mtu," ulidhani ni vita. Hapana, Mama. Tulikwenda kutembea tu, kwa kupenda wenyewe.

Consolata, yule Mrundi ninayepakia naye mizigo ghalani, ndiye aliyetushawishi. Alisema huku ni tambarare kama sinia na miguu yake imesahau kupanda. Basi Jumamosi mkwe wako akawasha gari alfajiri, tukavuka mpaka wa jimbo kuingia Oklahoma, kwenye milima. Huko kuna barabara ya zamani ya malori ya magogo. Siku hizi magari hayaruhusiwi, imebaki njia ya waenda kwa miguu. Majani yameota katikati, lakini mapito ya magurudumu bado yapo, kwa hiyo mnatembea wawili wawili mkipiga soga.

Sikufichi, mwanzoni niliogopa. Mara ya mwisho kupanda mlima nilikuwa nimeshika gauni lako, na tulikuwa tunakimbia. Kila tulipokata kona nilisikiliza nyuma. Halafu Consolata akasimulia vituko vya bosi wetu, nikajikuta nacheka.

Tulifika juu, tukala chapati na mayai huku vidole vimekufa ganzi. Wakati wa kurudi, Consolata akakanyaga barafu iliyojificha chini ya majani. Akaanguka, kifundo cha mguu kikavimba palepale. Simu hazikushika mtandao, na ukungu ulikuwa unashuka.

Mkwe wako akaona kijito kinachoteremka msituni. "Tukifuata hapa tutafika garini haraka," akasema.

"Hapo ni mteremko mkali," nikamwambia. " Na mgonjwa hatupiti."

"Na giza likitukuta?"

"Litukute barabarani. Malori yalishuka hapa yamejaa magogo. Sisi itatushindaje?"

Akainama ili Consolata apande mgongoni. Nilikifunga kile kifundo kwa kitenge changu, nikatangulia na fimbo, nikigonga kila mahali palipong'aa barafu. Mkwe wako alipochoka, tulimshika Consolata huku na huku, akarukaruka kwa mguu mmoja. Barabara ilizunguka na kuzunguka, hata mkwe wako akauliza kama hatujaanza kupanda upya. Nikamwambia asikilize magoti yake, yatamwambia kama tunapanda au tunashuka.

Consolata akaanza kulia. "Niacheni hapa, mwende mkatafute watu."

"Dada, nyamaza," nikamwambia. "Hatukuachi."

Mama, unajua wakati ule wa kukimbia tulimwacha Bibi njiani, kwa sababu hatukuwa na namna. Safari hii namna ilikuwepo.

Tulifika garini ukungu umefunika kila kitu, sote tunatetemeka. Hospitalini walisema mfupa haukuvunjika. Sasa Consolata amewekwa kazi ya kukaa, anabandika karatasi kwenye maboksi, na tayari ananiuliza tunarudi lini. Nimemjibu mguu ukipona. Mkwe wako naye amenunua viatu vya mlimani bila kuniambia.

Nisalimie Shangazi Feza, anayekupikia, na Kaka Amani pale anapotengenezea watu baiskeli. Mama mchungaji, jirani yetu, mwambie maombi yake yanafika.

Na wewe Mama, karatasi zako za safari zikikubaliwa, nitakupeleka pale juu. Tutakwenda polepole, tutapumzika unapotaka, na nyuma yetu hakutakuwa na mtu wa kumkimbia.

Mwanao akupendaye,
Riziki