Kichupa cha Sukari

Gunga, nimekwisha.

Ile dawa ya saratani, ya madini ya platini, anayoigandisha Dakta Intisar na kuikausha iwe unga usioharibika? Kichupa kimoja nilitia maji ya sukari. Mzaha tu.

Leo kavitoa vichupa, baada ya miezi sita. Vyote vimeharibika ila kimoja. KIMOJA. Cheupe pe.

Kalia kwa furaha mbele ya wafadhili wa Kijerumani. Kaniita "mwanangu", mimi niliyeacha shahada njiani.

Nikamvuta pembeni. "Dakta, ile ni sukari."

"Dawa haimo?"

"Haimo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akavua miwani. "Nshawambia tumefaulu. Nenda kawambie wewe."

Wamekaa wananingoja.

Wewe unayewatembeza watalii wa Kijerumani pale Ngomeni, sukari kwa Kijerumani wasemaje?