Vidole Vyako, Mama, na Ng'ombe wa Mokua

Mwaka umetimia, Mama yetu Drusilla Mong'ina, tangu utuache hapa Nyamache, na uji wa wimbi bado unatushinda. Wako nao ulikuwa na madonge, tuseme ukweli. Hakuna aliyethubutu kukwambia.

Ulichuma chai miaka thelathini na minne huku ukiimba nyimbo za Sabato. Mgeni hakutoka kwako bila ndizi za kubeba. Kisha mkono ukaanza kufa ganzi, na vikombe vikawa vinakuponyoka.

Celestine, daktari wa mazoezi ya viungo hospitalini, alikwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Akakufunga bandeji ngumu yenye chuma, akakufundisha kuinua mkono, kunyoosha vidole, kuvikunja kama kulabu, kufunga ngumi na kufungua tena. "Usiache, Mama," alisema. "Ukiacha, hii mkono itakufa kabisa."

Hukuacha. Kila asubuhi ulisimama uani penye jua, umeelekea zizi la jirani yetu Mokua, ukikunja na kukunjua. Ganzi ikapungua. Siku uliyoweza kufunga vifungo vya gauni lako mwenyewe, ulituita sote tuje tuone.

Kwenye kituo cha chai, tukisubiri lori, mtu akauliza unafanya nini pale uani. Mimi mwanao Obwocha nikajibu, "Anaita ng'ombe ya Mokua." Watu walicheka sana, nami nikafurahi kuwachekesha.

Ng'ombe huyo akafa Alhamisi. Kufikia Sabato neno omorogi lilikuwa limetangulia kanisani, na hakuna aliyekaa benchi moja nawe. Mchawi, wewe uliyeshindwa hata kuchinja kuku!

Tuliogopa watu watakuchoma moto. Baba akaitupa ile bandeji chooni. Nami nikakukataza mazoezi na kliniki. Ukaniuliza, "Obwocha, kwani nimekosea nani?" Jibu nilikuwa nalo, nikalimeza. Nilikuwa mwoga, Mama.

Mkono ukafa kama Celestine alivyosema. Sufuria ya maji moto ikakuponyoka, maji yakakumwagikia mapajani. Ulikaa wodini siku kumi na moja. Mokua alikuja mazishini na koti jipya, akala akaongezwa.

Wanaokukumbuka ni mumeo Anyona, binti yako Phanice, mimi, na wajukuu ambao shuleni wanaitwa wa yule omorogi. Basi wasome wote hapa: ulikuwa utani, na aliyeutoa ni mimi.

Kabla ya kuandika haya nilimwambia Baba kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia.

"Mimi nilikuwa nimeamini," akasema.

Hatutakusahau, Mama. Tumejaribu.